Haki ya Mto: Maji ya Watu na Samaki wa Asili

Khutba ya Ijumaa, Nyakahanga, Karagwe

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeteremsha maji kutoka mawinguni kwa kipimo, akayatuliza ardhini, akayapitisha mabondeni, na kwayo akawaruzuku watu na wanyama, ndege na samaki. Tunamhimidi, tunamtaka msaada, na tunamwomba msamaha. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimfikie yeye, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila anayefuata uongofu wake mpaka siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi Waislamu, nakuusieni nyinyi na ninaiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Kumcha Mungu hakuishii msikitini. Kunamfuata mtu shambani, sokoni, na hata kisimani anapoinama kuchota maji. Basi leo tutazungumza juu ya maji: maji tunayoyahitaji sisi, na maji wanayoyahitaji viumbe wengine walioumbwa pamoja nasi.

Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Suratul Anbiyaa kwamba kila chenye uhai amekijaalia kitokane na maji. Na katika Suratul Mulk ametuuliza swali ambalo hakuna mwanadamu awezaye kulijibu kwa jeuri: maji yenu yakididimia chini, ni nani atakayekuleteeni mengine yanayobubujika? Sisi watu wa Karagwe na Kyerwa tunalijua swali hili kwa miguu yetu. Tunakaa juu ya vilima, na maji yako chini mabondeni. Migomba yetu na mibuni yetu iko mlimani, na chemchemi iko mbali. Ni mama zetu na watoto wetu wapandao na kushuka wakiwa na madumu vichwani, na mtoto aliyetumwa maji alfajiri hufika shuleni akiwa amekwisha choka kabla somo la kwanza halijaanza. Hospitali haiwezi kuosha jeraha bila maji, wala mzazi hawezi kujifungua salama penye ndoo tupu. Na sisi wenyewe hatuwezi kusimama mbele ya Mola wetu katika swala bila tohara, na tohara ni maji.

Kwa hiyo, mtu asije akafahamu katika maneno yatakayofuata kuwa twaipinga miradi ya maji. La hasha! Kuwapatia watu maji ni katika sadaka zilizo bora. Seyyidna Uthman bin Affan (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma pale Madina kwa mali yake, akakifanya wakfu kwa Waislamu wote, tajiri na maskini, mkaazi na mpita njia. Kila serikali, kila jumuiya na kila mtu anayepeleka bomba la maji safi kwa watu wenye kiu anafuata nyayo hizo, akiwa na nia njema.

Katika nchi yetu zimefanyika kazi kubwa za namna hii. Maji ya Ziwa Victoria yalivutwa kutoka Ihelele, mkoani Mwanza, yakapelekwa Shinyanga na Kahama, na mradi huo ukazinduliwa mwaka 2009. Baadaye mabomba yakaendelezwa mpaka Nzega, Igunga na Tabora, nchi ambazo mababu zetu walizijua kwa ukame. Na mwaka 2022 Serikali ilitia saini mikataba ya miradi ya maji ya miji 28, na mji wetu wa Kayanga umo miongoni mwake, chanzo chake kikiwa Ziwa Rwakajunju. Hizi ni neema, na neema hushukuriwa.

Lakini, enyi Waislamu, kila neema ina hisabu yake. Swali la leo ni hili: tunapoyachukua maji ya mto au ya ziwa, je, sisi ndio wenye haki peke yetu? Je, mto hauna watu wake wengine?

Tazameni kisa cha Nabii Saleh (A.S.) na kaumu ya Thamud. Walimtaka muujiza, wakapewa ngamia jike. Kisha wakaelezwa, kama ilivyo katika Suratush Shuaraa na katika Suratul Qamar, kwamba maji yao yatagawanywa baina yao na yule ngamia: yeye ana zamu yake ya kunywa, na wao wana zamu yao, kila mmoja kwa siku yake maalumu. Zingatieni, ndugu zangu. Mnyama asiyesema, asiyelima, asiyelipa kodi wala kuhudhuria mkutano, alipewa fungu lake la maji kwa hukumu ya Mwenyezi Mungu. Hakuambiwa angoje mpaka watu washibe ndipo apewe mabaki. Aliwekewa zamu. Thamud waliona kwamba zamu ile inawapunguzia, wakamwua ngamia, na mwisho wao mnaujua.

Basi samaki wa mto hali yake ni kama ya ngamia yule. Naye ni kiumbe wa Mwenyezi Mungu, na katika Suratul An'aam tumefundishwa kwamba wanyama watembeao na ndege warukao ni umma kama sisi. Samaki hawezi kuja ofisini kudai haki yake. Hana ulimi wa kusema maji yamepungua. Akinyimwa hufa kimya, na sisi hatujui mpaka siku tunapotupa wavu na kuupandisha mtupu.

Sasa na tuutazame mto wetu wenyewe. Mto Kagera ndio mkubwa kupita mito yote inayoingia katika Ziwa Victoria. Maji yake hutoka kwa jirani zetu: Ruvubu huja kutoka Burundi, na Nyabarongo huja kutoka Rwanda, kisha maji hayo hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo. Toka hapo mto huelekea kaskazini, ukiwa mpaka baina yetu na Rwanda, ukapita kwenye mabwawa ya mafunjo na vimaziwa vingi, ukafika Kyerwa na Murongo, kisha ukageuka kwenda mashariki na kupita Kyaka, na mwishowe ukamwaga maji yake ziwani katika ardhi ya Uganda. Mto mmoja, nchi nne.

Katika mto huu kuna samaki wa asili aitwaye ningu. Wakati wa kiangazi hukaa ziwani, karibu na midomo ya mito. Mvua zinaponyesha na mto kufurika, ningu huingia mtoni kwa makundi, akapanda dhidi ya mkondo, akatafuta majani yaliyofunikwa na mafuriko kando ya mto, na humo hutaga mayai yake. Maji yakianza kupungua, wazazi na watoto hurudi ziwani. Ni safari ya kila mwaka, na aliyemwongoza ni Yule aliyempa kila kitu umbo lake kisha akakiongoza. Wazee wa bonde hili walijua majira ya ningu kama wajuavyo majira ya kupanda maharage. Walimvua, wakamkausha kwa moshi, wakamla na kumwuza, na bado mwaka wa pili alirudi.

Kisha ikaja tamaa. Nyavu za makila ziliingia katika Ziwa Victoria mwaka 1905, na baadaye zikaja nyavu za nailoni zilizo nyepesi na imara. Watu wakazitega kwenye midomo ya mito wakati ule ule ningu anapopanda akiwa na mayai tumboni. Aliyekamatwa hakuwa samaki mmoja. Alikuwa ni yeye na maelfu ya watoto ambao hawakuzaliwa. Kufikia miaka ya 1960 wavuvi wa Kagera na wa mito mingine ya ziwa hili, kama vile Nzoia ya Kenya, walikwisha ona kuwa ningu aliyekuwa tele amekuwa adimu. Hivi leo wataalamu wanamhesabu miongoni mwa samaki walio katika hatari ya kutoweka duniani.

Enyi Waislamu, jambo hili lisikupiteni. Je, hamkusoma katika Suratul A'raaf habari za watu wa mji uliokuwa kando ya bahari? Walikatazwa kuvua siku ya Sabato, na Mwenyezi Mungu akawajaribu kwa kuwa samaki walikuwa wakiwajia siku ile ile waziwazi juu ya maji, na siku nyingine hawaonekani. Wafasiri wanatueleza kuwa walifanya hila: walitega mitego yao siku ya Ijumaa, wakaja kuwatoa samaki siku ya Jumapili, wakadai kwamba siku ya Sabato hawakuvua. Mtihani wao ulikuwa ni kujizuia wakati samaki ni tele. Na mtihani wa wavuvi wa Kagera ni huo huo. Samaki hujileta kwa wingi wakati wa kuzaa, na wakati huo ndio wa kumwacha. Mwenye kuvumilia wiki chache atakula miaka mingi, na mwenye kufanya hila atakula siku moja, kisha watoto wake watasikia jina la samaki bila kumwona.

Wa pili ni ngege. Huyu ndiye aliyekuwa samaki wa kwanza kwa thamani katika Ziwa Victoria zama za babu zetu. Naye alivuliwa kupita kiasi, na katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaletwa ziwani samaki wageni, yaani sato wa kutoka maji mengine na sangara. Sangara ameleta fedha, viwanda na ajira, na hatutakanusha neema hiyo. Lakini alikula samaki wadogo wa asili bila kipimo. Furu, ambao aina zao ziwani zilikisiwa kuzidi 500, walipotea kwa kiasi kikubwa katika miaka ya 1980, na aina nyingi hazijaonekana tena. Naye sato mgeni alishindana na ngege na kuchanganya kizazi chake.

Je, ngege amebaki wapi? Amebaki katika vimaziwa vidogo vya kandokando, na baadhi yake vimo katika mkoa wetu wa Kagera, kama vile Burigi na Ikimba. Mwenyezi Mungu amevifanya vimaziwa hivi kuwa kama ghala la mbegu. Mkulima mwenye akili, hata akiwa na njaa, haili mbegu yake ya mwisho. Basi na sisi, tunapopanga kuchukua maji ya vimaziwa na mito ya bonde hili, tujue kuwa tunaingia katika ghala ya mbegu. Tuingie kwa adabu.

Nasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na kwa ajili yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeinua mbingu na kuweka mizani, akatukataza tusiidhulumu mizani hiyo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Enyi Waislamu, huenda mtu akauliza: mradi wa maji unamdhuru vipi samaki? Bomba moja litapunguza nini katika mto mkubwa? Ni swali la haki, na lina majibu.

Kwanza, banio. Ukijengwa ukuta wa kuzuia maji katikati ya mto, samaki anayepanda kwenda kutaga hufika hapo akakwama. Hukaa chini ya ukuta, na hapo mvuvi humzoa kama mtu azoaye nafaka. Dawa yake inajulikana: hujengwa ngazi ya samaki, yaani njia ya vidaraja vya maji kando ya ukuta, ili samaki apite kidogo kidogo mpaka juu, au banio likawekwa pembeni bila kuuziba mto.

Pili, mdomo wa bomba. Pampu yenye nguvu huvuta maji pamoja na mayai na vifaranga vya samaki. Dawa yake ni wavu au chujio lenye matundu madogo, na mdomo wenyewe kuwekwa mbali na mazalia ya samaki, wala si katika majani ya ukingoni.

Tatu, kipimo. Wakati wa masika mto una maji ya kumtosha kila mmoja. Hatari iko kiangazi, ambapo mto ni mwembamba na watu wana kiu zaidi. Tazameni Mto Ruaha Mkuu huko kusini. Tangu mwaka 1993, wakati wa kiangazi, mto huo umekuwa ukikauka kwa majuma na hata miezi ndani ya hifadhi, kwa sababu maji yake yalitumiwa sana juu, katika mashamba ya bonde la Usangu. Viboko na samaki wakasongamana katika vidimbwi, wengi wakafa. Mashamba yale ni ya watu wanaotafuta riziki ya halali, na mpunga wao tunaula. Lakini kila mmoja alichukua chake juu bila kuuliza kilichobaki chini.

Na hapa tukumbuke hukumu ya Mtume (S.A.W.) katika kesi ya Zubeir bin Awwam (R.A.) na jirani yake wa Madina, ambayo wameipokea Bukhari na Muslim. Shamba la Zubeir lilikuwa juu na la jirani lilikuwa chini. Mtume alimwamuru Zubeir anywesheze shamba lake, kisha ayaachie maji yaende kwa jirani. Maana yake ni kwamba aliye juu ana haki ya kutangulia, lakini hana haki ya kuziba. Hukumu hiyo inatufaa sisi na nchi jirani zetu. Burundi na Rwanda wako juu, sisi tuko katikati, na Uganda iko mdomoni. Ndiyo maana mwaka 1977 nchi za Burundi, Rwanda na Tanzania zilifanya mkataba pale Rusumo kuunda Shirika la Bonde la Mto Kagera, na Uganda ikaingia mwaka 1981. Shirika lile lilivunjwa mwaka 2004, lakini fikra yake haikufa. Pale Rusumo pamejengwa mtambo wa umeme wa megawati 80, ambao ni mali ya Tanzania, Rwanda na Burundi kwa mafungu sawa. Mto umewakutanisha jirani, na mto uliogawanywa kwa haki huzuia ugomvi.

Ndugu zangu, na tusidhani kwamba kiumbe mdogo hana thamani. Mwaka 1996, katika maporomoko ya Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, waligunduliwa vyura wadogo wa rangi ya manjano, ambao hawakupatikana mahali pengine popote duniani. Waliishi kwa manyunyu ya maporomoko yale. Bwawa la umeme lilipokamilika mnamo mwaka 2000, sehemu kubwa mno ya maji ikaelekezwa kwenye mitambo, na manyunyu yakakauka. Ilibidi baadhi ya vyura wapelekwe Marekani kutunzwa katika bustani za wanyama, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hawapo tena porini. Baadaye wakarudishwa nchini, na mwaka 2012 wakaanza kuachiliwa tena Kihansi, chini ya mabomba yanayonyunyiza maji kwa mikono ya wanadamu. Umeme ule ulihitajika, na hatusemi usingejengwa. Tunasema kuwa kuuliza mapema ni kazi nyepesi, na kutengeneza kilichokwisha haribika ni kazi nzito na ghali, tena wakati mwingine haiwezekani kabisa.

Sheria ya nchi yetu inakubaliana na mafunzo haya. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imetanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, na baada yake imetaja maji ya kuachwa kwa ajili ya mazingira, ndipo yakafuata matumizi mengine ya uchumi. Ni mpango wa busara: kwanza mtu mwenye kiu, pili mto wenyewe na waliomo ndani yake, tatu shamba, kiwanda na biashara. Na anayetaka kuchukua maji mengi hupewa kibali na bodi ya bonde, ambayo kwetu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na kibali hicho hutaja kipimo. Kuzidisha kipimo hicho kwa siri ni khiyana, kama vile kupunja mizani sokoni.

Vivyo hivyo, wanavyuoni wetu wa fikihi wamefundisha tangu zamani juu ya harimu ya kisima na ya mto, yaani eneo la kando ambalo halimilikiwi wala haliharibiwi, ili maji yahifadhike. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Basi anayelima mpaka kwenye maji, akakata mafunjo na miti ya ukingo, anavunja sheria ya Serikali na anakwenda kinyume cha mafunzo ya dini yake. Udongo wa kilima huteremka na mvua, ukafunika mayai ya samaki, ukajaza tope katika chujio la mradi, na gharama ya kuyasafisha maji ikarudi kwa mwananchi.

Enyi Waislamu, elimu bila amali ni mti usiozaa. Basi haya ndiyo tunayousiana.

Enyi wazee na viongozi mnaoketi katika kamati za maji, mmebeba amana. Mhandisi anapokuja kupima chanzo, muulizeni maneno matatu: Kiangazi kikali mto huu hubaki na kiasi gani? Tutachukua kiasi gani? Na samaki atapita wapi? Waiteni wavuvi na wazee wa bondeni kwenye mkutano, kwani wao wanajua mazalia yako wapi na ningu hupanda lini. Ujuzi huo haumo katika ramani.

Enyi mnaosimamia fedha za maji, jueni kuwa shilingi ya kilula ni shilingi ya mayatima na wajane. Bomba linalovuja na lisizibwe humwaga maji ambayo samaki wamenyimwa na watu hawakuyapata. Kuziba mivujo ni bora kuliko kwenda kuufunga mto wa pili. Nanyi mnaotumia, lipeni ada zenu, wala msiwe wa kuiba maji kwa kutoboa bomba usiku.

Enyi wavuvi, achaneni na makokoro yanayokomba vifaranga, achaneni na timba, achaneni na migono inayoziba mto kutoka ukingo mpaka ukingo. Na ole wake anayetia sumu majini! Mtume (S.A.W.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na ametahadharisha juu ya kujisaidia haja mahali watu wanapochota maji. Ikiwa uchafu mdogo umekatazwa hivyo, itakuwaje kwa sumu inayoua kila kilichomo? Wala msichukue samaki mgeni wa bwawa la kufugia mkamtupa katika kimaziwa cha asili bila idhini ya wataalamu. Tumekwisha ona ya Ziwa Victoria. Tumeona pia magugu maji, yaliyoteremka na Mto Kagera mpaka ziwani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 yakafunga bandari na mialo.

Enyi mama zetu na dada zetu, nyinyi ndio wenye kuijua thamani ya dumu moja. Wafundisheni watoto. Na sisi wanaume tuwahurumie wanaotuchotea maji kwa kutoyamwaga ovyo. Anas bin Malik (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja na akioga kwa pishi moja, au akazidisha kidogo. Na imepokewa kwa Ibn Majah kuwa Mtume alimkataza Saad (R.A.) israfu katika udhu, hata kama yuko kwenye mto unaopita. Wanavyuoni wana maneno juu ya mapokezi ya habari hii ya pili, lakini ile ya kibaba na pishi inatosha kuwa dalili. Mtazame mtu anayefungua bomba la msikiti mpaka mwisho, akazungumza na mwenzake huku maji yanakimbia. Je, huyo ametawadha au amefuja?

Nanyi wanafunzi, someni. Someni fikihi, na someni elimu ya samaki, ya mito na ya uhandisi. Tunataka siku moja mtaalamu anayepima mto wa Karagwe awe ni mtoto wa Karagwe, mwenye kujua ngazi ya samaki inajengwaje na mwenye kujua kuwa ataulizwa na Mola wake.

Na kumbukeni yule mtu aliyemwona mbwa mwenye kiu, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji na kumnywesha. Mwenyezi Mungu akamshukuru na kumsamehe. Masahaba waliuliza kama wanapata thawabu kwa ajili ya wanyama, na Mtume akawajulisha kwamba katika kila chenye uhai mna thawabu. Basi mtu anayeuachia mto maji yake wakati wa kiangazi anavinywesha viumbe visivyo na idadi, ambavyo hatavijua mpaka siku ya Kiyama.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mswalieni Mtume wenu.

Ewe Mola wetu, tunyeshee mvua yenye manufaa, isiyo na madhara, yenye kuhuisha vilima vyetu na mabonde yetu. Ewe Mola wetu, wape maji watu wa Nyakahanga, wa Karagwe na Kyerwa na kila penye kiu, na uibariki mikono ya wanaojenga na wanaosimamia. Ewe Mola wetu, usitufanye kama kaumu ya Thamud walioona zamu ya ngamia ni nzito, wala kama watu wa Sabato waliofanya hila kwa samaki. Tujaalie uadilifu katika tunachokichukua na rehema katika tunachokiacha. Wape viongozi wetu busara, na waunganishe jirani zetu wanaokunywa mto mmoja nasi katika amani. Utusamehe sisi, wazazi wetu, na Waislamu wote, walio hai na waliokufa. Amina.

Inukeni mkaswali, Mwenyezi Mungu akurehemuni.